Chimbuko la Wazo: Kichuguu, Jiko na Maziwa ya Moto

Neno ilhamu tumelipokea kutoka lugha ya Kiarabu, na maana yake ya asili ni jambo ambalo Mwenyezi Mungu hulitia katika moyo wa mja wake. Washairi wetu wa pwani walilielewa hivyo. Lakini msomaji wa tenzi za kale atakumbuka kwamba mtunzi, kabla ya kuanza kisa chake, aghalabu hutoa maombi ya namna mbili: humwomba Mungu amjaalie maneno, na huagiza aletewe wino, kalamu na karatasi. Mtunzi huyo hakuona aibu kuzitaja baraka na vifaa mahali pamoja. Alijua kwamba ilhamu isiyokuta vyombo vyake tayari haiandiki utenzi.

Katika sayansi na ufundi tumekuwa wepesi wa kuusahau upande huu wa pili, yaani ule wa wino na karatasi. Tunapenda visa vya mtu aliyelala akaota, akaamka na uvumbuzi mkononi. Kisa kinachosimuliwa zaidi madarasani ni cha mkemia Mjerumani, August Kekulé, aliyeeleza kwamba umbo la pete la molekuli ya benzini lilimjia alipokuwa anasinzia karibu na moto, akamwona nyoka aliyeuma mkia wake mwenyewe. Ni kisa kitamu, lakini yafaa tuzitazame tarehe zake. Kekulé aliichapisha nadharia yake mwaka 1865. Kisa cha nyoka alikisimulia hadharani mwaka 1890, katika sherehe ya kuadhimisha miaka 25 ya nadharia hiyo. Tena mwaka 1858, yaani miaka saba kabla ya pete, alikuwa tayari ameandika kwamba atomi ya kaboni hushikana na nyingine kwa viungo vinne na kwamba atomi hizo zaweza kuungana kama mnyororo. Ikiwa kweli alimwona nyoka, basi nyoka huyo alipita mbele ya mtu ambaye kwa miaka mingi hakuwa na kazi nyingine isipokuwa kuwaza juu ya minyororo. Mimi na wewe, ndugu msomaji, tungemwona nyoka tu, na pengine tungetafuta fimbo.

Kwa hiyo swali la maana si kama ilhamu ipo au haipo. Swali ni hili: kitu ambacho mtu amekiona, kiwe mdudu, chombo au desturi ya jirani, huingiaje katika kazi yake, na humsaidia au humfunga kwa kiasi gani? Nakusudia kuonyesha kwamba chimbuko la wazo hufanya yote mawili, humsaidia mtu na humfunga. Nitachukua mifano mitatu kutoka sehemu zetu za Afrika, na mmoja wa nne kwa kifupi. Lakini kwanza tuyatazame majaribio mawili ya wanasaikolojia, kwa sababu yanatupa macho ya kuitazamia mifano hiyo.

Mwaka 1980 Mary Gick na Keith Holyoak, waliokuwa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililotumia fumbo la zamani la mwanasaikolojia Karl Duncker. Fumbo ni hili. Mgonjwa ana uvimbe tumboni usioweza kukatwa kwa kisu. Ipo miali inayoweza kuuangamiza, lakini miali yenye nguvu ya kutosha kuua uvimbe itaiua pia nyama nzima iliyo njiani. Nayo miali dhaifu haidhuru nyama, ila haidhuru uvimbe pia. Daktari afanye nini? Jibu ni kupeleka miali dhaifu mingi kutoka pande mbalimbali ili ikutane penye uvimbe. Watu walioachwa bila msaada wowote walilipata jibu hilo kwa kiasi cha mmoja tu katika kila kumi. Wengine walisomewa kwanza hadithi ya jemadari aliyetaka kuiteka ngome: kila barabara ya kuiendea imetegwa mabomu yanayolipuka likipita jeshi kubwa, hivyo aliligawa jeshi katika vikosi vidogo, kila kikosi kikashika barabara yake, vyote vikakutana ngomeni kwa wakati mmoja. Baada ya hadithi hii, walioambiwa waitumie walilifumbua fumbo karibu wote. Lakini wale waliosomewa hadithi bila kudokezewa kwamba ina uhusiano na fumbo, waliofumbua hawakuzidi sana theluthi moja.

Hapa kuna jambo la kutuhuzunisha kidogo. Wengi walikuwa na jibu kichwani, wamelisikia dakika chache tu zilizopita, na bado hawakuliona, kwa kuwa moja lilikuwa limevaa nguo za vita na lingine nguo za hospitali. Chimbuko laweza kukaa mbele ya macho yetu na tusilitambue.

Jaribio la pili linaonyesha hatari iliyo kinyume. Mwaka 1991 David Jansson na Steven Smith, wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, waliwapa wanafunzi wa uhandisi na wahandisi wenye kazi zao matatizo ya kusanifu vitu. Mojawapo lilikuwa kubuni kikombe cha kahawa kisichomwagika, kikitumika mara moja na kutupwa, na masharti yalisema wazi kwamba mirija ya kunyonyea isitumike. Nusu ya washiriki walionyeshwa mchoro wa mfano ambao wenyewe ulikuwa na kasoro, ukiwemo huo mrija uliokatazwa. Walioonyeshwa mchoro waliingiza mirija katika michoro yao mara nyingi zaidi kuliko wenzao ambao hawakuonyeshwa kitu, ingawa walikuwa wamesoma katazo. Kila mwalimu wa uhandisi anaujua ugonjwa huu. Mwoneshe mwanafunzi picha ya mashine ya kukoboa mpunga iliyotengenezwa nchi za mbali, naye atakuletea mashine ile ile, pamoja na kifuniko ambacho kule kiliwekwa kwa ajili ya theluji.

Basi tuanze na kichuguu. Mchwa wa jamii ya Macrotermes, ambao vichuguu vyao hupita kimo cha mtu katika mbuga za Afrika, hulima kuvu chini ya ardhi ili wapate chakula. Mchwa hao na kuvu wao hupumua, hutoa joto na hewa ya kaboni, na lazima wapate njia ya kubadilisha hewa. Mwaka 1961 mwanabiolojia wa Uswisi, Martin Lüscher, alieleza nadharia iliyopendeza sana: hewa iliyopashwa joto na kundi hupanda hadi juu ya kichuguu, kisha hushuka katika mifereji myembamba iliyo karibu na uso wa nje, ambako hupoa na kupata hewa safi, na hivyo kiota hubaki na halijoto isiyobadilika usiku na mchana. Kwa maneno mengine, mchwa walikuwa wamejenga kiyoyozi kisicho na mashine.

Miaka thelathini baadaye msanifu wa majengo wa Zimbabwe, Mick Pearce, alipewa kazi ya kusanifu jengo kubwa la maduka na ofisi mjini Harare kwa sharti kwamba lisiwe na mitambo ya kawaida ya kupoza hewa, ambayo ingegharimu fedha nyingi za kigeni kuinunua na kuitunza. Pearce alikitazama kichuguu. Jengo hilo, Eastgate, lilifunguliwa mwaka 1996. Ni majengo mawili ya ghorofa tisa yanayotazamana, yenye ukumbi mrefu katikati uliofunikwa kwa kioo, na juu ya paa kuna safu za dohani za matofali. Usiku, feni husukuma hewa baridi ya nje ndani ya nafasi zilizoachwa katika sakafu za zege. Zege, lililotengenezwa likiwa na meno ili kuongeza eneo la kugusana na hewa, hupoa. Mchana hewa inayopitishwa juu ya zege hilo hupozwa kabla ya kuingia ofisini, na hewa iliyochoka hupanda na kutoka kwa dohani. Harare iko katika nyanda za juu, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na tofauti ya joto la mchana na la usiku mara nyingi hufika nyuzi 10 za Selsiasi au zaidi. Tofauti hiyo ndiyo mtaji wa jengo. Eastgate hutumia nishati kidogo kuliko majengo ya ukubwa wake yenye viyoyozi, na sifa zake zimeenea ulimwenguni.

Kumbe nadharia ya Lüscher haikuwa sahihi kwa kichuguu ambacho kila mtu alikuwa akikifikiria. Mwanafiziolojia J. Scott Turner, aliyetafiti vichuguu vya Macrotermes michaelseni nchini Namibia, alikuta kwamba halijoto ya kiota haishikiliwi mahali pamoja na kichuguu, bali hufuata halijoto ya ardhi inayokizunguka, ikipanda na kushuka pamoja na majira ya mwaka. Na kwamba ubadilishaji wa hewa hutegemea sana msukosuko wa upepo unaokipiga kichuguu kwa nje. Mwaka 2008 Turner na mwenzake Rupert Soar waliandika waziwazi kwamba jengo la Harare limefuata picha ya kichuguu ambayo haipo katika maumbile. Halafu mwaka 2015 likatokea jambo jingine. Hunter King, Samuel Ocko na L. Mahadevan walichapisha vipimo vya mchwa wa aina nyingine, Odontotermes obesus wa India. Walikuta kwamba kuta nyembamba za nje za kichuguu hupata joto upesi mchana na kupoa upesi usiku kuliko kiini chake, na kwa hiyo hewa ya ndani huzunguka upande mmoja mchana na kugeuka usiku. Kichuguu hicho kinaendeshwa na tofauti ya mchana na usiku, yaani jambo lile lile linaloendesha jengo la Harare, ingawa kwa mpango mwingine kabisa!

Wapo wanaosema kwamba kisa hiki kinaidhoofisha sifa ya Eastgate. Sikubaliani nao. Jengo halikusimama juu ya nadharia ya mchwa. Lilisimama juu ya hesabu za wahandisi kuhusu uzito wa zege, mwendo wa hewa na rekodi za hali ya hewa ya Harare. Kichuguu kilimpa Pearce ruhusa ya kuuliza swali ambalo wasanifu wengi hawakuliuliza: je, jengo kubwa la mjini laweza kupumua lenyewe? Swali likiisha kuulizwa, mchwa hakuwa na kazi tena. Kama wahandisi wangemng'ang'ania mchwa, wangeziondoa feni, maana mchwa hana feni, na watu wa ofisini wangetoka jasho. Chimbuko lenye makosa limezaa jengo zuri, kwa sababu wazo lilipimwa pale lilipofika wala halikupimwa kwa uzuri wa pale lilipotoka.

Mfano wa pili ni mfupi. Bart Weetjens, Mbelgiji, alifuga panya utotoni. Miaka ya 1990, akitafuta njia nafuu ya kutambua mabomu ya kutegwa ardhini, aliwakumbuka panya wale na uwezo wao wa kunusa. Lakini hakuishia kwa panya wa utotoni mwake. Kwa ushauri wa wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Antwerp alimchagua panyabuku wa Afrika, ambaye huishi miaka mingi zaidi na ameyazoea mazingira yetu. Tangu mwaka 2000 kazi hiyo ya shirika la APOPO imekuwa ikifanyika Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na panya hao wamefunzwa pia kunusa kifua kikuu katika makohozi. Panyabuku aitwaye Magawa, aliyefunzwa Morogoro na kupelekwa Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020.

Mfano wa tatu nataka kukaa nao, kwa kuwa upo jikoni mwa wasomaji wengi na hakuna anayeushangaa. Jiko la mkaa la bati tupu, lililotengenezwa kwa mapipa na mabati chakavu, lilikuwa jiko la miji ya Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi. Ubaya wake ni rahisi kuueleza. Chuma hupitisha joto upesi mno, mara makumi kadhaa kuliko udongo uliochomwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya joto la mkaa haiendi kwenye sufuria bali hupita ubavuni ikampasha joto mpishi, ukuta na mtoto anayecheza karibu. Mwaka 1981 ulifanyika Nairobi mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya na zinazorejelezeka. Wakati huo hofu kubwa ilikuwa kwamba miti ingekwisha kwa kuni na mkaa. Wataalamu na mafundi wa Kenya, akiwemo Max Kinyanjui, walikuwa wanatafuta jiko bora, wakalipata chimbuko mbali sana na nyumbani, huko Uthai. Jiko la Kithai ni ndoo ya bati iliyowekwa chungu kizito cha udongo ndani yake, na kati ya chungu na ndoo hujazwa majivu ya maganda ya mpunga ili joto lisitoke.

Kama Wakenya wangekuwa na ugonjwa wa wale wanafunzi wa kikombe, wangeileta ndoo ya Kithai kama ilivyo. Tutazame basi kwa nini isingefaa. Ndoo ni pana juu na nyembamba chini. Kwa mpishi anayekaanga mboga hilo si tatizo. Lakini mlo wa Nairobi ni ugali, nao ugali hausongwi kwa ncha za vidole: mpishi huishika sufuria, huukandamiza mwiko kwa nguvu za bega, na jiko lote husukumwa huku na huku. Jiko lenye kitako chembamba litapinduka, na ugali wa moto pamoja na makaa vitawamwagikia watoto. Hayo si mambo ya urembo. Ni mambo ya ngozi ya mtoto.

Jiko lililopatikana mwishoni likawa na umbo la koni mbili zilizokutanishwa vichwa, kiunoni jembamba, pana juu na pana chini. Kiuno hicho kina busara ya kihandisi ndani yake. Kitako kipana hulisimamisha jiko wakati wa kusonga. Nusu ya chini huwa chumba cha majivu chenye mlango wa kuingizia hewa. Kiunoni ndipo chombo cha udongo kinapokaa na kushikwa kisishuke. Nacho chombo hicho kikawekwa katika nusu ya juu peke yake, kwa sababu moto uko juu. Kuujaza udongo hadi chini kungeongeza uzito na bei bila faida. Badala ya majivu ya maganda ya mpunga, udongo ukagandishwa kwenye bati kwa mchanganyiko wa saruji na vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto. Vishikio vya sufuria vikapangwa kufuatana na sufuria za hapa. Ukiliweka jiko hili karibu na ndoo ya Kithai, mgeni asingeyatambua kuwa ni ndugu. Kilichosafiri kutoka Uthai ni kanuni moja tu: chuma kishike, udongo uzuie joto.

Wala kazi haikwenda upesi. Udongo ulipasuka, kwa kuwa udongo na chuma havitanuki kwa kiasi kimoja vinapopata moto. Majiko ya mwanzo yalikuwa ghali. Waliosahihisha kasoro hizi hawakuwa watu wa maabara peke yao. Wapishi waliyatumia majiko na kuyalalamikia, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, ambao mikono yao ilikuwa imekwisha kutengeneza maelfu ya majiko ya zamani, walijua bati gani hukunjika vizuri na gharama ipunguzwe wapi. Kazi ikagawanyika: wafinyanzi wakatengeneza vyombo vya udongo, mafundi bati wakatengeneza maganda. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 majiko zaidi ya 700,000 yalikuwa yanatumika Kenya. Wazo likavuka mipaka hadi Uganda, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, na Dar es Salaam likaingia mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la Jiko Bora. Likitengenezwa kwa udongo mzuri, jiko la namna hii hupunguza mkaa kwa kiasi kinachotajwa kuwa kati ya asilimia 20 na 50. Waigaji waliotumia udongo mbaya waliuza majiko yaliyopasuka baada ya miezi michache, na wengi waliliacha wazo zima kwa kosa la udongo.

Hata hivyo jiko hili linatuonyesha pia jinsi chimbuko linavyofunga macho. Lilizaliwa katika hofu ya kumalizika kwa misitu, kwa hiyo kilichopimwa kwa bidii kilikuwa uzito wa mkaa. Hewa ambayo mpishi anaivuta haikuwa swali la kwanza. Mkaa hautoi moshi mwingi unaoonekana, ila hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, na jiko linalotunza joto halikuondoi kukivuta ikiwa chumba kimefungwa. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafu wa hewa majumbani, utokanao hasa na nishati za kupikia, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kama wazo la jiko lingeanzia katika wodi ya wagonjwa wa mapafu badala ya mkutano wa nishati, nina hakika mafundi wale wale wa Shauri Moyo wangetupa jiko lenye umbo jingine.

Nimeacha mfano wa nyumbani Tanzania uwe wa mwisho, kwa sababu unahusu kitu kigumu zaidi kuliko udongo na zege, nacho ni kusikilizwa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, kisha huyatia katika chumba cha kugandishia cha friji. Nafasi ilikuwa haba. Siku moja mwenzake aliharakisha kuweka maziwa yake bila kuyachemsha, naye Mpemba, asikose nafasi, akayaweka yake yakiwa bado ya moto. Baada ya kiasi cha saa moja na nusu maziwa yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado.

Alimwuliza mwalimu wake, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye alipata habari kutoka kwa rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga: wauzaji kule walikuwa wakiyaweka maziwa ya moto makusudi ili yagande mapema. Kwao haikuwa fizikia, ilikuwa njia ya kuwahi wateja. Mpemba alipoendelea na masomo Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na safari hii swali lake likageuzwa mzaha wa darasa kwa muda mrefu. Akajipenyeza katika maabara ya biolojia iliyokuwa wazi, akajaribu kwa maji, akapata aliyoyapata.

Ndipo alipofika shuleni Dr. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu kule Dar es Salaam, kutoa mhadhara. Mpemba akalileta swali lake mbele ya wote, na wenzake wakamcheka. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kwamba litajaribiwa, na likajaribiwa kweli. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alileta habari kwamba maji ya moto yalitangulia kuganda, akaongeza kwamba jaribio lingerudiwa mpaka jibu sahihi lipatikane. Tusimcheke: ndivyo sote tunavyofanya kazi tukiwa na hakika mno. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala kwa pamoja katika jarida la Physics Education. Katika vipimo vya Osborne, maji ya sentimita 70 za ujazo yalichukua muda mrefu kuliko yote kuanza kuganda yalipoanzia nyuzi 25 hivi, na muda mfupi zaidi yalipoanzia karibu nyuzi 90.

Aristotle aliandika jambo linalofanana na hili, na Francis Bacon vilevile. Wasomi waliofundisha fizikia ya karne ya 20 walikuwa na vitabu hivyo maktabani, na havikuwachokoza. Kilichomchokoza mtu ni bakuli la maziwa na uhaba wa nafasi. Naamini haya yalitokea kwa sababu mwanafunzi alikuwa karibu na kitu chenyewe kuliko walimu wake. Mtu aliyefundishwa kanuni ya kupoa ya Newton hawezi kupoteza saa nzima akilitazama jambo ambalo amekwisha kulijua. Lakini ukaribu peke yake hautoshi pia, kwani wauzaji wa Tanga walikuwa karibu zaidi na hawakuuliza. Ilihitajika mtu aliyekuwa na mguu mmoja jikoni na mwingine darasani, na ilihitajika mgeni mmoja aliyekubali kulipeleka swali la kuchekwa hadi maabara yake. Ni shule ngapi leo zenye mgeni wa namna hiyo, sijui. Najua kwamba mitihani yetu haina alama za swali zuri.

Mpemba mwenyewe alikwenda kusomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi, na kazi yake ya maisha ikawa huko. Swali lake halikumalizika. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vya uangalifu na kusema kwamba hawakupata ushahidi wa kuaminika kuwa maji ya moto hupoa mapema kuliko ya baridi. Walionyesha kwamba hata kukisogeza kipimajoto kidogo kwenda juu au chini kwaweza kuleta matokeo ya uongo. Wakati huohuo wananadharia walikuwa wameanza kuliuliza upya bila maji: je, mfumo wowote ulio mbali na utulivu waweza kuufikia utulivu upesi kuliko ulio karibu? Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada, walionyesha kwa punje ndogo sana ndani ya maji, iliyosukumwa kwa nguvu za leza, kwamba yawezekana, na kwamba masharti yake yaweza kukokotolewa mapema. Mwaka 2024 jambo la jinsi hiyo likaripotiwa katika ioni zilizonaswa ndani ya mitambo ya fizikia ya kwanta. Makala hizo zote zina jina la Mpemba katika vichwa vyao au katika aya za mwanzo, na ubishi juu ya maji yenyewe ungali unaendelea.